Chumvi ya Salamabila

Katika mtaa wetu, hapa Kasongo, jambo ambalo watu wamelikatia tamaa lina jina lake: kesho ya Fundi. Mwanamume akimwahidi mkewe kuezeka nyumba upya, majirani wanacheka, "Aka! Hiyo iko kesho ya Fundi." Redio ikisema barabara itatengenezwa, kesho ya Fundi. Na Fundi mwenyewe, mshona nyavu ambaye kazi yake haikuisha siku aliyoahidi, alikuwa anayasikia yote, maana alikaa palepale kwenye pembe ya njia, juu ya bidon, dumu la manjano, uzi mdomoni, wavu magotini. Hakukasirika hata siku moja. Aliutoa uzi mdomoni akajibu, "Kesho iko ya Mungu, haiko yangu," kisha akaurudisha.

Nayasema haya huku napanga mzigo. Jumatatu ziwa linafunguliwa, Jumatano ni siku ya wanawake, na mimi, niliyezeeka sokoni nikiuza samaki bila kuvua hata mmoja, naingia kwa mara ya kwanza. Wavu uko mlangoni. Sufuria iko. Chumvi iko, imefungwa, siigusi. Kila ninachokishika kina mkono wa yule mzee ndani yake, basi acheni nimseme, maana nikinyamaza tena nitapasuka.

Kwanza mjue ziwa lenyewe. Si kubwa. Lualaba, mto wetu, ikijaa inapita nyuma ya Nyangwe na kumeza mashamba ya watu. Ikishuka, inaliacha ziwa pale, limejaa kambare. Kuna ukoo unaolilinda, na mkubwa wao tunamwita Mwenye Ziwa. Yeye analifunga kwa majani ya mchikichi yaliyokingamishwa njiani, na majani yakiwa pale hapiti mtu, hata askari. Kiangazi anayaondoa kwa siku tatu: mbili za wanaume na nyavu zao ndefu, moja ya wanawake na nyavu ndogo za kuchota. Siku ya nne yanarudishwa, na aliyekosa amekosa.

Anayeingia mara ya kwanza anatengenezwa kabla ya kwenda. Haruhusiwi sabuni. Haruhusiwi wavu ambao jicho lake halipitishi vidole vinne vya mwenye kuvua. Na lazima alete chumvi. Ya dukani hapana. Anaiomba jikoni kwa mtu aliyekosana naye kuliko watu wote, ampe kwa mkono wake. Samaki wake wa kwanza anapikwa kwa chumvi hiyo, na kabla haijaingia sufuriani Mwenye Ziwa anauliza mbele ya wote, "Chumvi ya nani?" Unataja jina, wote wanakula, umekuwa mtu wa ziwa.

Wageni wa ziwa wote wa Kasongo walipitia kwa Fundi, kwa sababu Mwenye Ziwa aliamini nyavu zake. Aliwaketisha kwenye mkeka, akawafundisha huku anashona, na sharti la chumvi alilieleza vizuri kuliko wenye ziwa. "Mutumbwi unabeba watu wane," alisema. "Ukipinduka, mutu atakayekunyooshea mukono iko yule uliyemutukana jana. Basi enda mupatane kungali kavu." Siku moja alikuja mwimbaji mmoja wa kwaya, shati jeupe, amejikausha uso. Fundi akamwuliza, "Umegombana na nani?" Yule akasema, "Mimi sina ugomvi na mutu." Fundi akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Basi uko muongo, ao uko maiti. Rudi kwenu." Na akamrudisha kweli, mwaka mzima.

Na yeye mwenyewe? Alikuwa hajaingia ziwani hata mara moja. Ukimwuliza alisema, "Fundi akiingia majini, nani atabaki kushona nyavu?" Watu walidhani ni maringo ya kazi. Mimi najua ni woga. Tuliwahi kushuka Lualaba pamoja kwenda soko la Nyangwe, kwenye mtumbwi uliojaa mihogo na mbuzi wawili. Mbuzi walitulia. Fundi alifumba macho tangu tulipopanda mpaka tuliposhuka, amekamata kitenge changu kwa mikono miwili, anasoma dua kwa sauti hata mpiga kasia akamwambia, "Papa, Mungu amesikia, punguza." Tulipofika akafungua macho, akakung'uta kanzu yake, akaniambia, "Maji ya leo yalikuwa matulivu." Nilicheka hadi nikasahau nilichoendea.

Hasira zake zote aliziwekea chandarua. Alikuja mtu na vyandarua vitatu vya mbu alivyoviunganisha, anataka viwekewe mawe ya kuzamisha ili akavulie. Fundi akakipokea kile kitu kwa adabu, akakitandika magotini, akakipapasa. "Kitambaa kizuri," akasema. Kisha akachukua kisu akakipasua vipande mbele ya mwenyewe. "Hii haivui samaki. Inavua wajukuu wa samaki." Kelele zikawa kelele, mkuu wa mtaa akaitwa, na ikaamuliwa Fundi amshonee yule mtu wavu wa haki. Alimshonea. Ulichukua miezi minane. Na chandarua chake mwenyewe cha kulalia, je? Hakuwa nacho. Kila masika malaria ilimwangusha, nami nikampelekea uji nikimwambia, "Fundi, wewe unapigania samaki, mbu wanakula wewe." Alitetemeka chini ya mablanketi akicheka.

Msije mkafikiri alikuwa walii. Alikuwa na wivu: alipokuja mfanyabiashara na nyavu za nailoni za kiwandani, Fundi alieneza habari kwamba zinaleta upele. Aliwasema wanawake wa watu kwa upishi wao. Aligombana na mwadhini kuhusu dakika, yeye asiye na saa. Lakini kwenye kazi hakudanganya. Ukimletea wavu uliofungwa na mwingine, aliupitisha vidoleni, akasimama mahali, akatikisa kichwa, akafungua fundo na kulifunga upya, kila mara kwa maneno yale yale: "Fundo baya halifunguki hapa. Linafunguka majini."

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Mume wangu alingoja miaka mitatu kukubaliwa ziwani. Mtu aliyekosana naye kuliko wote alijulikana: mdogo wake, anayeishi Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Walikosana siku ya maziko ya mama yao. Mdogo mtu alichelewa njiani, akafika udongo umekwisha kurudishwa, na mume wangu akamwambia mbele ya watu, "Umekuja kuangalia kama kuko dhahabu ndani?" Neno lile! Hata mimi niliyemzoea nilishika mdomo. Tangu hapo hawakusemeshana, na mume wangu aliujua ubaya wa neno lake kuliko mtu mwingine. Alitaka ile chumvi. Nafikiri aliitaka kuliko samaki.

Mwaka aliokubaliwa, njia ya Salamabila ikafa. Wenye bunduki walikuwa wanasimamisha moto, pikipiki za abiria, porini, watu walirudi kwa miguu bila viatu. Zimebaki siku nne. Wavu wake ulikuwa tayari, nao ndio wavu pekee ambao Fundi aliumaliza kabla ya siku yake, wiki mbili nzima, mtaa ukashangaa. Alimpenda mume wangu. Walicheka pamoja pale pembeni kila asubuhi, na Fundi hakuweza kumtazama akikosa.

Mume wangu alirudi kutoka kwake ameshika kifurushi cha kitambaa cha buluu. Kitambaa kile nilikijua. Fundi alikuwa anafungia humo chumvi yake ya mawe, aliyokula na mihogo juu ya bidon yake. Nikamwuliza, "Chumvi ya nani hiyo?" Akasema, "Ya Fundi. Ameniambia nitaje jina la mudogo wangu. Anasema njia imefungwa, Mungu anaona." Akasimama mlangoni, hatoki haingii. Alikuwa anangoja nimzuie, Mungu wangu, mtu mzima yule alisimama pale anangoja nimzuie. Lakini mimi nilikwisha kujenga tanuri jipya la kukaushia samaki, nilikwisha kuwatangazia wanawake wenzangu sokoni. Nikamwambia, "Chukua tu. Utaenda kumuona kisha." Akamimina chumvi kwenye kopo lake, na kitambaa akakiacha kwenye meza ya jikoni.

Siku ya kwanza aliulizwa chumvi ya nani, akataja jina la mdogo wake, na watu wote wakala. Siku ya pili upepo ukaja, mtumbwi ukapinduka, kati ya wanne watatu wakafika kando. Mimi ni Mkristo. Siamini kwamba chumvi inapindua mtumbwi. Upepo ndio uliopindua. Wangetaka kulaumu, wangelaumu upepo. Lakini watu hawalaumu upepo.

Mdogo wake alifika siku ya nne ya kilio. Miguu imevimba, alipita porini akiwakwepa wale wenye bunduki. Hakupewa hata kiti. Watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba alitoa chumvi kwa moyo mbaya na moyo huo ndio uliomla kaka yake. "Chumvi gani?" aliuliza. "Mimi sikumupa chumvi. Hakuja kwangu, hakutuma mutu." Wakasema anakana. Basi akapita katikati ya wanawake akaja mpaka nilipokaa, akachuchumaa ili macho yetu yalingane. "Shemeji," akasema, "wewe ulikuwa ndani ya nyumba. Unajua kitu?"

Fundi alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinamisha kichwa. Kitambaa cha buluu kilikuwa jikoni, hatua saba kutoka pale. Nikasema, "Sijui."

Mimi ni mtu wa mdomo. Sokoni wananiogopa, na sijapata kuhitaji uongo kwa kuwa ukweli wangu peke yake unaudhi watu wa kutosha. Uongo wangu ni huo mmoja. Nilijiambia namkinga mume wangu asikumbukwe kwa jina la mwongo. Nilijiambia namkinga Fundi asifukuzwe mtaani. Yote mawili yalikuwa kweli, na chini yake nilikuwa najikinga mimi, na lile "chukua tu" langu. Shemeji aliondoka bila kula. Alirudi Salamabila na mzigo usio wake, na kwa miaka kumi na moja hakukanyaga Kasongo. Binti yangu Feza aliolewa bila baba mdogo wa kumsindikiza.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Siku arobaini zilipokwisha nilisafisha jikoni, nikakiona kile kitambaa. Mama yangu alinilea nikijua kwamba kitu cha jirani hakilali kwako. Basi nikakifua. Nikakianika, nikakikunja mara nne, nikampelekea mwenyewe pale pembeni, mchana kweupe. Niliwaza usafi tu, naapa. Fundi akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu, akasema, "Aksanti, mama Feza." Nilipokuwa narudi, katikati ya njia nikang'amua: amejua kwamba najua. Na yeye alikuwa ameniona nikisema "Sijui."

Hatukusema kitu. Mwaka ule, wala uliofuata. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema wahenga. Chetu kilikuwa na sindano na uzi. Nikiamka nakuta magunia yangu yameshonwa. Wavu wa kufunikia samaki wasipate nzi, umezibwa. Sikumwomba na hakusema ni yeye. Kwenye mkeka wake, wageni wa ziwa walipofika sharti la chumvi, aliwakatiza, "Ya chumvi ulizeni mutu mwingine." Na kula samaki aliacha. Fundi wa nyavu, hali samaki! Watu walidhani ni tumbo.

Nami nilikuwa mkali kwake, nakiri. Nilijua hali samaki, nikapita makusudi na sahani ya kambare na mawese, nikasema mbele ya watu, "Fundi, karibu tule." Alitoa uzi mdomoni. "Kesho, mama Feza." Siku nyingine tena, "Fundi, samaki." "Kesho." Nilikuwa nakwenda zangu na moyo umetulia kidogo, kwa sababu maadamu yeye anateseka, mimi naweza kupumua. Nilimwacha abebe peke yake mzigo wa watu wawili, nikamrushia na maneno juu yake. Ni vibaya, nimesema.

Macho yake yakaanza kuingia ukungu. Akaihama pembe ya njia, akakaa barazani kwake, akishona kwa kupapasa. Kiangazi hiki, wakati wanawake wanaanza kuulizana nani ataingia ziwani, alikuja kwangu na fimbo, akagonga mlango, akasema akiwa bado nje, "Mama Feza, nataka kuingia ziwani."

Nikacheka. "Wewe? Uliyekamata kitenge changu?"

"Mimi. Kabla sijakufa."

Sikuweza kumcheka zaidi. Akaanza wavu. Kila jioni jua likipoa aliniita, "Leta vidole, mama Feza. Vyangu vimevimba, havipimi tena." Nikapenyeza vidole vinne kwenye jicho la wavu, akafunga fundo, jicho jingine, tena vidole. Tulikaa hivyo jioni nyingi, magoti yanagusana, tukiongea habari za bei ya mchele na wajukuu. Nikamwambia, "Mbona mudogo hivi?" Akasema, "Mikono ya muzee inaweza nini?" Nikaamini. Mwanamke mwenye akili zake, nikaamini.

Siku alipofunga fundo la mwisho alikata uzi kwa meno, akasema, "Wavu umekwisha. Imebaki chumvi."

Nilijua inakotoka. Nikajifanya nakunja nguo.

"Iko Salamabila," akasema. "Macho hayatanifikisha. Unisindikize."

"Njia mbaya, Fundi."

"Wiki hii watu wanapita."

"Niko na samaki kwenye tanuri. Tuende kesho kutwa. Ao wiki ijayo."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu macho yaharibike. "Mama Feza," akasema, "siku hizi fundi iko wewe?"

Tuliondoka alfajiri kwa moto mbili za kukodi, tukalala Wamaza, tukaendelea. Kwenye kila barière, kizuizi cha njiani, Fundi alishuka, akawasalimu askari mmoja mmoja, akawauliza habari za mama zao, na walituacha tupite bila maneno mengi. Wavu alikuwa ameukumbatia kifuani. Nilimwambia aufunge nyuma ya moto, akakataa. Mimi njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga mashimo ya barabara yaliyatawanya. Mwisho nikajipa moyo: mwenye kosa ni Fundi, mwenye kusema ni Fundi, mimi nimesindikiza mzee.

Shemeji anauza mabeleshi na tochi kwenye kibanda, kando ya njia ya wachimbaji. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinitambua kabla moto haijazimwa. Akafuta viti viwili kwa kiganja chake, akasema, "Karibu, shemeji. Karibu, papa." Adabu ile iliniuma kuliko angenitukana. Mimi nikakaa. Fundi hakukaa.

Alisimama pale katikati ya mabeleshi, fimbo mkononi, akasema yote. "Chumvi ile ilikuwa yangu. Kaka yako aliitaka yako. Njia ilifungwa, nikamupa ya kwangu, nikamwambia ataje jina lako. Uliposema hukutoa, ulisema kweli, na mimi nilikuwa mulangoni, nikanyamaza. Kosa iko langu. Langu peke yangu." Hakusema kitambaa. Hakunitaja. Nikaangalia vidole vya miguu yangu, na, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Mteja akaja kutaka betri, shemeji akampa, akarudi akasimama palepale. "Miaka kumi na moja," akasema. "Hapa watu wa Kasongo wako wengi, habari zilinitangulia. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwenye chumvi. Mama mukwe wangu hajala kwangu mpaka leo." Akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko muda ambao wachimbaji wawili walikuja, wakaita, wakachoka, wakaenda zao. Fundi alikuwa bado amesimama. Nikamwambia akae, akanikatalia kwa kichwa.

Shemeji akatoka na chumvi kwenye sahani. "Chukua, papa," akasema. "Nimekupa kwa mukono wangu."

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa cha buluu, kimepauka mpaka karibu cheupe. Nilikijua kabla hajakikunjua. Akaimimina chumvi, akafunga, mkono mmoja na meno. Nikainuka. Nilidhani mambo yamekwisha, tumepona, twende nyumbani.

Akageuka upande wangu, akaupapasa mkono wangu, akakiweka kile kifurushi ndani yake.

"Hii haiko yangu," akasema. "Mimi siingii majini, unajua vizuri. Wavu huu umepimwa kwa vidole vya nani?"

Nikautazama wavu, kisha vidole vyangu.

"Mimi hapa sikuulizwa kitu, siku ile ya kilio," akasema. "Aliyeulizwa iko wewe, mama Feza. Fundo baya linafunguka majini. Lifungue hapa, kungali kavu."

Shemeji akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama kitambaa. Nikaona anavyoanza kuelewa. Alivuta kibao akakaa mbele yangu, macho yetu yakalingana kama siku ile. "Shemeji," akasema polepole. "Unajua kitu?"

"Najua," nikasema. "Nilijua siku ile. Kaka yako alisimama mulangoni anataka kuja kwako, mimi nikamwambia chukua tu. Kitambaa kilikuwa jikoni. Nilikuangalia macho nikasema sijui." Nililia vibaya, kwa sauti, wachimbaji wakasimama njiani kuangalia. Sikufunika uso.

Hakunishika mkono wala hakunifukuza. Alikaa tu mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Utasema ziwani?"

"Jumatano ya wanawake. Nikiulizwa chumvi ya nani, nitataja jina lako, halafu nitasema na ile ya kwanza ilikuwa ya nani, na nani alijua. Mbele ya wote walioila."

"Sawa," akasema. Akakichukua kifurushi, akanirudishia kwa mkono wake. Akaita nyuma ya pazia, "Leteni chakula."

Mkewe alileta wali na sahani ya mchuzi, akaziweka juu ya kasha la tochi. Fundi sasa alikaa. Akanawa, akapapasa ukingo wa sahani, akainama akanusa.

"Samaki?" akauliza.

"Samaki, papa," shemeji akasema.

Nilingoja aseme kesho. Akakunja mkono wa kanzu, akasema bismillahi, akala.